Honi ya Darajani

Gari la mikate lilikuwa bado halijafika darajani, lakini Fundi alikwisha kuinua kidole chake cha shahada. "Amepiga," alisema. Kisha akainuka kutoka kwenye tairi bovu alilokuwa amelikalia, akaokota kitambaa, akaanza kujifuta mikono kama mtu ambaye kazi yake imekubaliwa.

Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mshonaji, alikuwa nyuma ya cherehani yake pembeni ya gereji. Aliondoa mguu kwenye kanyagio, akasikiliza. Huko mteremkoni injini ilikuwa ikinguruma kwa gia nzito. Aliifuata kwa masikio kona baada ya kona: kona ya nguzo iliyoinama, kona ya ukuta uliobomoka, halafu ule unyoofu mfupi unaoishia darajani. Ndipo honi ikapigwa, moja, ndefu. Fundi hakugeuka. Alikwisha kuingia ndani kutafuta sabuni.

"Naam," Mshonaji aliuambia mkasi wake. "Sasa ndiyo amepiga."

Gereji yao ilikuwa juu kabisa ya mteremko, na ilikuwa na desturi moja ambayo hakuna aliyekumbuka ilianzaje. Dereva yeyote aliyetengenezewa breki pale, akishuka salama, alipiga honi moja kabla ya kuvuka daraja. Haikuwa mbwembwe, wala haikuwa asante. Ilikuwa habari tu: zimeshika. Fundi hakugusa gari jingine kabla ya kuisikia honi ya lililotangulia. Alikaa juu ya tairi lake, shingo upande, na mteja aliyejaribu kumharakisha aliambiwa kwamba breki haijatengenezeka mpaka iseme yenyewe. Watu walimcheka kwa hilo, lakini magari walimpelekea yeye. Ukimpata fundi mbaya wa rangi, utatembelea gari baya na kulalamika kila siku. Ukimpata fundi mbaya wa breki, huenda usipate hata nafasi ya kulalamika.

Sasa breki za mafuta, kwa asiyezijua, hazitaki fundi mmoja. Mafuta yakijaa kwenye mirija, dereva anapokanyaga pedeli husukumana mpaka kwenye magurudumu na gari likasimama. Lakini hewa ikiingia humo, hata kidogo, nguvu ya mguu huishia kwenye hiyo hewa. Hewa hujikunyata tu, pedeli ikabonyea kama godoro, na gari likaendelea na safari zake. Kila mara mirija inapofunguliwa, lazima hewa itolewe. Kazi hiyo mafundi huiita kutoa upepo, nayo hutaka watu wawili: mmoja juu kwenye pedeli, mwingine chini kwenye gurudumu, akifungua na kufunga kwa spana kitundu kidogo kiitwacho nipo.

Mwanzoni Fundi alijaribu wasaidizi wa kila namna. Wengine walisinzia kwenye usukani, wengine waliikanyaga pedeli kama wanaua nyoka. Siku moja, kwa kukosa mtu, alimwomba mkewe aache cherehani kidogo. Mwanamke ambaye mguu wake umeendesha kanyagio la cherehani tangu usichana hahitaji kufundishwa kukanyaga. Aliishusha pedeli taratibu, akaishikilia bila kutetemeka. Tangu siku hiyo hakuna aliyekaa pale isipokuwa yeye, na Fundi akampa jina lake. "Mguu," huita, "hebu njoo." Wateja wageni walidhani anamtukana mkewe. Lakini Fundi hakuwa mtu wa kusifu, na hilo ndilo lililokuwa shairi lake lote.

Mafundi wengine huongoza kazi hiyo wakiwa chini, kwa kupiga kelele: kanyaga, shika, achia. Fundi hakuwa hivyo. Miaka mingi nyuma mafuta ya breki yalimrukia jichoni, na tangu hapo alifungua nipo huku uso ameugeuzia pembeni na midomo ameifumba, akifanya kazi kwa vidole na sikio tu. Aliyesema alikuwa Mshonaji, huko juu. "Nashika," naye hufungua. "Chini," maana yake pedeli imefika mwisho, naye hufunga. "Naachia." Kati ya neno la pili na la tatu hapakuwa na nafasi zaidi ya pumzi moja. Spana ikichelewa hapo, pedeli ikipanda huku nipo bado iko wazi, gari huvuta hewa kama mtoto anyonyavyo, na kazi yote huwa bure.

Spana ilianza kuchelewa kiangazi kilichopita.

Mara ya kwanza Mshonaji alidhani mumewe ana mawazo. Aliposema "Chini" spana haikufunga. Akaachia kama kawaida, na kutoka chini ya gari akasikia mlio mwembamba, fyuu, wa hewa ikirudi nyumbani. Mara nyingine ikawa hivyo tena. Ndipo akaanza kukumbuka mengine: redio iliyokuwa ikipandishwa kila wiki, maswali ya "wapi" yaliyojibiwa "ndiyo", na siku alipopaza sauti akaulizwa kama siku hizi anauza samaki. Kisha akamwona akiinua kidole kabla ya honi, akaelewa. Fundi alikuwa hasikii tena honi. Alikuwa akiikisia tu, na mara nyingi alikisia karibu sana.

Angeweza kumwambia siku hiyohiyo. Alifungua mdomo kabisa. Lakini fundi wa breki asiyesikia ni habari ambayo mtaa haungeiacha ilale. Na zaidi ya mtaa, kulikuwa na mwenyewe. Mtu yule alikuwa na vitu vichache vya kujivunia, na honi ya darajani ilikuwa cha kwanza. Kwa hiyo Mshonaji akatafuta njia yake. Akawa haachii pedeli mpaka unyayo wake uhisi spana inafunga, maana mguu uliozoea huhisi hata hilo. Na pale alipokosea, hewa ikaingia, alingoja Fundi ainue uso, akachungulia dirishani na kusema kwa sauti ya kusikika: "Rudia hapo, mguu wangu umeteleza. Kosa langu."

Uongo huo ulifanya kazi vizuri mno. Fundi alirudia bila kunung'unika, na magari yakaondoka na breki nzuri. Kwanza alimcheka mkewe. Halafu akaanza kumwonea huruma. Akawaambia wateja kwamba Mguu umezeeka, jamani, hata chuma huchoka. Jioni moja alirudi na chupa ya mafuta ya kuchulia, akapiga magoti mbele ya kiti cha mkewe, akaushika ule mguu mzima usio na kasoro yoyote, akauchua kifundo kwa vidole vyake vigumu mpaka ukapata moto. Ikawa kazi yake ya kila jioni. Mshonaji alikaa kimya akichuliwa. Ilikuwa miaka mingi hajashikwa kwa upole namna hiyo, na alijisikia vizuri, na alijisikia mwizi.

Hayo yangeendelea, kama si gari la mkwe.

Binti yao alikuwa amekuja kujifungulia kwa wazazi wake, na sasa mtoto alikuwa amekaza shingo, anacheka na kila kinachong'aa. Mumewe akaja kuwachukua. Alikuwa kijana mtaratibu, mwenye sauti ya chini kwa asili yake, na mbele ya wakwe sauti hiyo ilizidi kushuka, kama adabu inavyotaka. Aliegesha gari mbele ya gereji, akashuka, akainamisha kichwa na kumwamkia baba mkwe wake. Fundi alimpita akaenda kulitazama tairi la mbele. Kijana akabaki na shikamoo yake mdomoni.

"Marahaba, mwanangu," Mshonaji aliitikia upesi, kwa niaba ya nyumba nzima. "Karibu. Yeye akiona gari haoni mtu."

Kijana alitabasamu, lakini si sana.

Alieleza kwamba gari likishika breki huvuta kushoto, na pedeli imeanza kushuka chini kuliko zamani. Fundi, aliyekuwa akimtazama midomo, hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Aliweka mawe nyuma ya magurudumu, akapiga jeki, akavua tairi moja baada ya jingine na kulijua gari kwa mikono. Mafuta ya breki yalikuwa meusi kama chai iliyosahauliwa jikoni. Pedi za mbele zimelika upande mmoja. Na mpira wa breki wa kulia, ule unaopeleka mafuta kwenye gurudumu, ulikuwa umevimba na kupasukapasuka. Ukiukunja, unafungua vinywa. Alimwita mkwe wake, akamwonyesha. Hakusema neno la lawama, lakini aliutazama mpira ule, kisha akamtazama mjukuu wake aliyekuwa begani mwa binti, kisha akaenda kuchukua spana.

Alibadilisha mpira, akabadilisha pedi, akasugua vyuma mpaka vikang'aa. Ilipofika zamu ya kutoa upepo, Mshonaji alikwisha kusimama, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Kaa, kaa," Fundi alimwambia. "Pumzisha huo mguu. Leo nina kijana." Akamgeukia mkwe wake. "Panda juu, mwanangu. Utasema nashika, utasema chini, utasema naachia. Basi. Hata mwanao angeweza."

Mshonaji alibaki amesimama. Angesema mguu wake haujachoka? Mwaka mzima alikuwa akiuambia ulimwengu kwamba umechoka. Alikuwa ameushona uongo huo kwa mkono wake mwenyewe, mshono juu ya mshono, na sasa alipotaka kutoka ndani yake hakuona kifungo. Akarudi kwenye cherehani. Alijiambia kwamba labda kijana atasema kwa nguvu.

Kijana hakusema kwa nguvu. Nani humpigia baba mkwe kelele? "Nashika," alisema, kama mtu anayeomba maji ya kunywa. "Chini." Pumzi moja. "Naachia." Na kutoka gurudumu la mbele: fyuu.

Mshonaji alisimamisha kanyagio. Fundi alikuwa amelala ubavu, uso ameuelekeza ukutani, midomo imefumbwa, mkono unafungua na kufunga kwa kipimo cha mazoea. Ulikuwa mkono mzuri, wenye hakika. Ulichelewa kidogo tu. Nashika, chini, naachia, fyuu. Hewa iliyotoka iliingia tena, na nyingine ikaongezeka juu yake. Wakamaliza gurudumu hilo, wakahamia jingine.

"Imekaza?" Fundi aliuliza mwishoni, akiinuka.

Kijana alikuwa ameipiga pedeli mfululizo kama alivyoelekezwa, na pedeli iliyopigwapigwa hukaza hata ikiwa imejaa hewa. Ni ugumu wa kuazima tu. Gari likitulia kidogo, hurudi kwa mwenyewe. Fundi alilijua hilo kuliko mtu yeyote pale mtaani. Lakini siku zote neno la mwisho lilikuwa la aliye kwenye pedeli, kwa sababu siku zote aliye kwenye pedeli alikuwa Mshonaji. Kijana aliitikia kwa kichwa. Fundi akarudisha matairi, akateremsha jeki, akaenda kunawa. Wingu lilikuwa linajikusanya upande wa bonde, na binti alikuwa amekwisha kutoa mabegi nje. Walitaka kushuka kabla ya mvua.

Mshonaji alimtazama mjukuu wake, aliyevalishwa kofia aliyoishona mwenyewe. Aliuona mteremko. Hakuhitaji kufumba macho ili auone: nguzo iliyoinama, ukuta uliobomoka, unyoofu, daraja. Alifikiri kumwita mkwe pembeni na kumwambia aende taratibu, apitie kwa fundi mwingine. Lakini fundi mwingine yuko ng'ambo ya daraja, na mteremko uko hapa. Aliogopa kwa namna ambayo hakuwahi kuogopa, na ndani ya hofu hiyo mlikuwa na hasira, na hasira yenyewe hakujua ampe nani.

Alikwenda kwenye gari, akafungua mlango wa dereva, akaketi. Aliweka mguu kwenye pedeli, akakanyaga mara moja tu, polepole. Ikazama mpaka chini.

"Fundi," aliita.

Mumewe alikuwa ameinamia ndoo, mgongo amewapa wote. Hakugeuka. Aliita tena. Mara ya tatu aliita kwa sauti ya kumwitia mtu aliye ng'ambo ya mto. Mtoto alishtuka mikononi mwa mama yake, na Fundi akaendelea kusugua kucha.

Mkwe alimtazama Fundi, akamtazama Mshonaji. Ilichukua muda mfupi kumwingia.

"Mama," alisema, "kumbe hasikii?"

Mshonaji aliondoa mguu kwenye pedeli.

"Mimi nilidhani hanitaki." Aliyasema hayo bila kulalamika, kama mtu anayeweka chini mzigo ili autazame. "Tangu mwaka jana. Namwamkia, anapita."

Binti aliyatazama mawe ya uani. Alikuwa amekaa pale tangu kujifungua, wala hakuwa mjinga. Naye alikuwa na namna yake ya kumgusa baba bega kabla ya kusema, na hakumwambia mtu. Nyumba nzima ilikuwa imelalia siri moja, kila mmoja akidhani anailalia peke yake.

Mshonaji alishuka, akaenda akamgusa Fundi mkono, akamwonyesha gari kwa kidole. Fundi alikwenda huku maji yanamchuruzika, akaketi, akakanyaga. Uso wake haukubadilika, ila aliondoa mguu, akaurudisha, akakanyaga tena polepole zaidi, jinsi mtu anavyopapasa ukuta gizani akitafuta mlango aliouacha hapohapo.

"Ina upepo," alisema.

Aliteremka. Alimkazia mkwe wake macho, kisha akayalegeza. "Umeachia mapema, mwanangu. Si neno. Mgeni wa pedeli lazima akosee."

Kijana alimtupia mama mkwe wake jicho moja la haraka. Kisha akainamisha kichwa. "Ndiyo, baba," alisema, safari hii kwa sauti ya kutosha. "Kosa langu."

Mshonaji alilitambua neno hilo kama mtu atambuavyo gauni lake likipita barabarani limevaliwa na mwingine. Lilimkaa vibaya kijana wa watu. Na lilikuwa halijachakaa. Lingeweza kuvaliwa na binti, akishalipokea kwa mumewe, na siku moja na yule mwenye kofia. Alisogea akasimama pale ambapo Fundi angeona midomo yake vizuri.

"Hakuachia mapema," alisema. "Alisema chini, akangoja, akasema naachia. Wewe hukumsikia."

"Alisema polepole."

"Alisema polepole. Mimi husema kwa nguvu, na mimi pia hunisikii."

Fundi alitazama pembeni, lakini haraka akarudisha macho kwenye midomo yake, na katika kuyarudisha huko alikuwa amekwisha kukubali nusu. Mshonaji aliona ni afadhali amalize.

"Mguu wangu haujateleza hata siku moja, Baba."

Fundi aliushusha uso wake, akautazama ule mguu: ndara, kifundo, vidole vyenye vumbi la chaki ya kushonea. Aliutazama muda mrefu.

"Kila jioni nauchua," alisema.

"Unauchua mguu mzima."

Kitu kama kicheko kilimtoka puani, hakikufika mbali. Alitaka kuuliza jambo, akaliacha, akalirudia. "Na honi je?"

"Unainua kidole kabla."

Aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama anayeambiwa bei ya kitu ambacho alikwisha kukitumia. Kisha akawapa mgongo, akaenda mbele ya gari na kusimama hapo, mikono kwenye boneti. Mshonaji alijua kinachopimwa. Spana ilikuwa mfukoni mwake wa nyuma, kichwa chake kikichungulia; angeweza kuitoa na kuifanyia kazi, au angeweza kuitoa na kuitundika ukutani moja kwa moja, na hakuna ambaye angemlaumu. Wingu lilizidi kusogea. Mkwe alianza kusema kwamba wanaweza kulala, wakaondoka kesho, na binti akamkanyaga kidole ili anyamaze.

Fundi aliinama, akapiga jeki.

Alipokwisha kuvua tairi la mbele alilala ubavu kama siku zote, lakini uso hakuugeuza mara moja. "Mguu," aliita. "Njoo ukae mahali pako." Mshonaji akapanda. Ilibaki shida ileile, naye aliiona hata kabla ya kugusa pedeli: kutoka pale juu yeye hamwoni Fundi, na kutoka kule chini Fundi hamsikii. "Nashika," alisema kwa sauti yake yote. Spana haikutikisika.

Ndipo akakumbuka mbao. Cherehani yake ilisimama juu ya jukwaa dogo la mbao ambalo Fundi alilipigilia ili miguu yake isizame udongoni. Miezi hii yote, kazi ikiwa hakuna, Fundi alipenda kukaa ukingoni mwa jukwaa hilo yeye akishona, kiganja kimelala juu ya ubao. Mshonaji alidhani anapumzika tu. Kumbe pengine alikuwa anasikiliza.

Mguu wa kulia ulikuwa kwenye pedeli. Mshonaji aliuinua wa kushoto, akapiga kisigino kwenye sakafu ya gari, mara moja, kwa nguvu.

Huko chini spana iligonga chuma, kama iliyoshtuka. Halafu sauti ya Fundi: "Rudia."

Akarudia. Aliona, kwenye pembe ya kioo, kiganja cheusi cha mumewe kikipanda na kujibandika ubavuni mwa gari, vidole vimetawanyika.

"Mara moja, umeshika," Fundi alisema. "Mara mbili, chini. Ukiachia, usinipigie. Nikishafunga nitagonga mimi."

Wakaanza. Mwanzoni walikosana kama watu wawili wanaopishana mlangoni. Mshonaji akapiga akawahi, Fundi akafunga akachelewa, mafuta yakamwagika bure. Mkwe alisimama penye boneti iliyofunguliwa akijaza mafuta mapya kwenye kopo la breki yasije yakaisha, na aliyamimina kwa uangalifu mkubwa, ulimi ameutoa kidogo nje. Kisha mwendo ukapatikana. Kisigino, spana, kisigino kisigino, spana, pigo la Fundi kwenye chuma, na pedeli ikapanda. Hapakuwa na fyuu tena. Mapovu yalitoka, yakapungua, yakabaki mafuta matupu, masafi, rangi ya asali. Walizunguka magurudumu yote, na lile la kwanza wakalirudia, kwa kuwa Fundi alisema haliamini.

Mwisho alimfanyia mkewe ishara ashuke, akapanda mwenyewe. Alikanyaga mara moja. Akakaa. Aliwaacha wote wakimngoja mpaka mtoto akaanza kulia, halafu akakanyaga tena, mara moja. Alishuka na kumpa mkwe ufunguo. Kijana aliupokea kwa mikono miwili, akamuaga kwa kuinama, lakini safari hii alimshika bega kwanza, akangoja mpaka macho yao yakutane.

"Marahaba," Fundi alisema, ingawa kijana alikuwa bado hajafungua mdomo.

Waliondoka matone ya kwanza yakianguka. Binti alipunga mkono dirishani, kofia ya mtoto ikaonekana, kisha gari likazama nyuma ya ukingo wa mteremko na pakabaki barabara tupu inayoanza kulowa.

Fundi hakwenda kwenye tairi lake. Alikwenda akakaa ukingoni mwa jukwaa la cherehani, na Mshonaji akakaa kitini pake juu ya jukwaa. Hakuna aliyeshona. Injini ilisikika ikiteremka, kwa Mshonaji tu. Nguzo iliyoinama. Ukuta uliobomoka, na hapo sauti ikapotea kabisa kwa muda, mvua ikiyapiga mabati, naye akashika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Fundi hakuinua kidole. Kiganja chake kilikuwa kimelala juu ya ubao, vidole vimetawanyika, na macho yake yalikuwa kwenye mguu wa mkewe.

Mvua ilipungua. Kutoka chini, mbali, honi ikapigwa, moja, ndefu kuliko kawaida.

Mshonaji akainua mguu wa kushoto, akapiga kisigino kwenye ubao, mara moja.